Kadi za Hifadhi katika Kamera za Zamani: Historia ya Kitu na Majina Yake

Kwa kawaida istilahi huundwa kwa ajili ya kitu kinachoingia. Kitu kikishuka bandarini, au kikitangazwa redioni, wataalamu wa lugha hujaribu kukiwahi kwa jina kabla jina la kigeni halijakita mizizi. Ni mara chache istilahi huundwa kwa ajili ya kitu kinachoondoka. Hata hivyo, vitu vinavyoondoka haviondoki kwa siku moja. Katika muda huo wa kuondoka watu huendelea kuvinunua, kuvitengeneza, kuviazima na kuvirithi. Nao huhitaji majina pengine kuliko wakati vilipokuwa vipya, kwa sababu kijitabu cha maelezo kimekwisha potea na muuzaji aliyevifahamu amekwisha hamia biashara nyingine. Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za kitu kimoja cha namna hiyo, nacho ni kadi ya kuhifadhia picha katika kamera za dijitali zilizotengenezwa tangu miaka ya katikati ya 1990 hadi mwaka 2010 hivi, ambazo baadhi yake zingali zinafanya kazi mikononi mwa wapiga picha.

Jambo hili si la ufundi peke yake. Mpiga picha anayeishi kwa picha za pasipoti, harusi na mahafali, mwenye kamera aliyoinunua ikiwa imekwisha tumika, akiharibikiwa na kadi yake huenda dukani akaomba kitu kiitwacho "memori". Muuzaji naye humpa memori. Hapana aliyesema uongo kati yao. Lakini memori iliyopo dukani imetengenezwa kwa ajili ya simu za leo, nayo huuzwa pamoja na adapta ya plastiki ili iweze kuenea katika tundu lililo kubwa zaidi. Mpiga picha huitia ndani ya kamera, ikaingia barabara, mlango ukafungika, kisha kioo cha kamera kikaandika kwamba kadi haisomeki. Fedha imekwenda. Wakati mwingine mambo huwa mabaya zaidi: kadi hukubali, harusi ikapigwa picha mchana kutwa, na usiku wake ikadhihirika kwamba nusu ya picha hazifunguki. Tunadai kwamba katika hasara za namna hii lugha ina fungu lake, kwa maana neno moja limebebeshwa vitu vingi visivyofanana, na maneno mengine mawili matatu ambayo yangemwokoa mnunuzi hutumiwa ovyo.

Kutoka Mkanda hadi Kadi

Lugha ya upigaji picha katika Kiswahili ilijengwa juu ya filamu. Watu walisema "mkanda" au "filamu", na kazi ya kuidhihirisha picha kwa dawa wakaiita "kusafisha". Neno hilo ni zuri, kwani lilitokana na kile kilichoonekana kwa macho: filamu hutiwa dawa, huoshwa kwa maji, huanikwa ikauke. Dawa na maji vilipoondoka neno halikuondoka. Mtu hupeleka kadi studio akaomba asafishiwe picha, ijapokuwa hakuna kinacholowa. Wapo wanaolicheka neno hili siku hizi. Sisi hatuoni sababu ya kulikosoa. Maana yake imehama kutoka katika mwendo wa kazi ikaingia katika matokeo yake, na kila anayelisikia huelewa kwamba anayelitamka anataka karatasi yenye sura yake.

Kadi haikuwa chombo cha kwanza cha kupokea picha za tarakimu. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak huko Rochester, Marekani, aliunda kamera iliyogeuza picha kuwa tarakimu. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na kuiandika katika utepe wa kaseti kulichukua sekunde 23. Hivyo basi, hifadhi ya kwanza ya kamera ya aina hii ilikuwa ndugu wa kaseti ya muziki. Mwaka 1981 kampuni ya Sony ilionyesha kamera iitwayo Mavica, iliyoandika picha katika diski ndogo ya sumaku, lakini kwa ishara za analogia wala si kwa tarakimu. Jina hilohilo likarudi mwaka 1997 katika kamera za dijitali zilizotumia diski za kawaida za inchi 3.5, zile zilizojulikana maofisini kwa jina la flopi, zenye ujazo wa megabaiti 1.44. Flopi moja ilichukua picha chache mno. Lakini mwenye kamera hiyo hakuhitaji kujifunza neno jipya wala kwenda duka jipya: aliyejua flopi ya ofisini alijua hifadhi ya kamera yake. Tangu hapo raha hiyo haijarudi.

Jina Lililotoka Katika Taa

Kilichoziwezesha kadi kuwapo ni aina ya kumbukumbu ya kielektroniki iliyobuniwa na Fujio Masuoka katika kampuni ya Toshiba, Japani. Aina ya kwanza aliitangaza mwaka 1984. Ya pili, ambayo ndiyo iliyokuja kutawala katika kadi za picha, ilitangazwa mwaka 1987. Sifa zake kuu ni mbili. Kilichoandikwa humo hubaki hata umeme ukikatika. Na kufuta kwake hufanywa kwa fungu zima kwa mara moja, si chembe moja moja. Husimuliwa kwamba mwenzake Masuoka kazini, Shoji Ariizumi, ndiye aliyependekeza jina la flashi, kwa kuwa kufutika huko kwa ghafla kulimkumbusha mwako wa taa ya kamera.

Kwa hiyo jina lilitoka katika kamera, likaenda katika elektroniki, kisha likarudi katika kamera likiwa na sura nyingine. Kiswahili cha mitaani nacho kimelipokea neno "flashi" kwa milango mitatu: taa ya kamera, kijiti cha kuchomeka katika kompyuta, na kitenzi "kuflashi" simu, yaani kuiandikia upya programu yake ya ndani. Mwenye kamera akisema flashi yake imekufa, msikilizaji hana budi kuuliza ni ipi. Waandishi wengine wamejaribu "mweko", kutokana na kitenzi kumweka, wakapata diski mweko na kumbukumbu mweko. Neno ni la Kiswahili, nalo hutamkika bila taabu. Hata hivyo tuna mashaka nalo. Mweko humwambia msomaji habari za mwanga, na kadi haina mwanga wowote. Na hata akilichukua kama sitiari, atafikiri ni wepesi wa kuandika, ilhali sitiari ya asili ilihusu kufutika. Tafsiri imechukua vazi ikamwacha mvaaji. Kwa bahati nzuri mnunuzi wa kadi hana haja ya kuyajua hayo yote, kwa hiyo hatuoni faida ya kumlazimisha kulitamka neno hilo dukani.

Neno lenye uzito zaidi ni "kumbukumbu". Tunayo kumbukumbu za mkutano, siku ya kumbukumbu ya marehemu, kumbukumbu ya mwanafunzi aliyekariri somo. Kisha ikaja kumbukumbu ya kompyuta, ambamo kazi hufanyika na ambayo hupotea mashine ikizimwa. Kadi ya kamera haina kazi ya namna hiyo. Kazi yake ni ya ghala: hupokea na kutunza. Neno "hifadhi" lingeifaa zaidi, ijapokuwa nalo limekwisha pewa wanyama wa Serengeti na mafao ya wazee. Tofauti ya maneno haya mawili ina manufaa ya kila siku. Kamera nyingi zina kumbukumbu ya ndani inayopokea picha zinazopigwa mfululizo kabla hazijaandikwa katika kadi. Mpiga picha akiona kamera imegoma kwa sekunde kadhaa baada ya picha tano sita za haraka, huenda iliyojaa ni kumbukumbu, kwa sababu kadi haina kasi ya kuipokea. Kadi yenyewe ina nafasi tele. Mwenye maneno mawili hulitambua tatizo hilo. Mwenye neno moja hununua kadi yenye ujazo mkubwa zaidi, na ugonjwa unabaki palepale. Ndiyo maana katika makala haya tunasema "kadi ya hifadhi", tukijua fika kwamba dukani memori itaendelea kuitwa memori.

Mashindano ya Maumbo

Kadi ya kwanza kupata nguvu kubwa ilikuwa CompactFlash, iliyotolewa na SanDisk mwaka 1994. Upana na urefu wake ni milimita 43 kwa 36. Ipo yenye unene wa milimita 3.3 na ipo ya milimita 5, na ile nene haiingii katika tundu lililotengenezwa kwa nyembamba. Ina vitundu 50 ukingoni, na pini zimo ndani ya kamera. Jambo hili dogo ni muhimu kwa mwenye kamera ya zamani, kwa sababu kadi ikisukumwa ikiwa imekaa mshazari, kinachopinda ni pini ya kamera, na pini hiyo haiuzwi pamoja na kadi. Mwaka 1999 kampuni ya IBM ilitoa kitu kiitwacho Microdrive, chenye umbo la CompactFlash nene, ambacho ndani yake mlikuwa na diski halisi ya sumaku inayozunguka, yenye ujazo wa hadi megabaiti 340. Kwa nje ni kadi. Kwa ndani ni mashine yenye ekseli. Mtu akikiokota leo katika mkoba wa kamera iliyorithiwa asikidondoshe.

Mwaka 1995 Toshiba walileta SmartMedia, kadi nyembamba mno, isiyofikia unene wa milimita 1, iliyotumiwa sana katika kamera za Olympus na Fujifilm. Tutaikalia kidogo, kwa kuwa ina fundisho. Ndani ya CompactFlash kuna sehemu mbili: chembe zinazohifadhi, na kisimamizi kinachojua nini kimewekwa wapi, chembe ipi imechakaa, na kinachozungumza na kamera kwa niaba ya chembe hizo. SmartMedia haina kisimamizi. Waliiunda hivyo ili iwe nyembamba na rahisi, wakaiachia kamera kazi yote ya usimamizi. Matokeo yake ni kwamba kamera iliyotengenezwa kabla ya kadi za megabaiti 64 au 128 kutokea huenda isijue kabisa namna ya kuzitumia, kwa kuwa elimu hiyo haimo katika kadi bali imo katika kamera, na kamera ilikwisha maliza shule. Isitoshe, zilikuwapo SmartMedia za volti 5 na za volti 3.3, hutofautishwa kwa pembe iliyokatwa, ya kushoto kwa volti 5 na ya kulia kwa volti 3.3. Megabaiti 128 ndio uliokuwa ujazo wake wa mwisho.

Sony walileta Memory Stick mwaka 1998, ambayo kwanza nayo ilikomea megabaiti 128. Mwaka 2003 ikaja ya jina la PRO, ambayo kamera za kabla yake haziisomi ijapokuwa umbo ni lilelile. Olympus na Fujifilm waliiacha SmartMedia wakatoa xD mwaka 2002. Ilifika gigabaiti 2, na aina zake za baadaye, zenye herufi M na H, hukataliwa na baadhi ya kamera za mwanzo. Sony walianza kukubali kadi za SD mwaka 2010, na xD ikaachwa wakati huohuo.

Kwa mtazamo wa istilahi, majina haya yote ni majina ya biashara. Lilikosekana jina la jinsi, yaani jina la jamii nzima ambalo chini yake kila ukoo ungekaa mahali pake. Mitaa ililijaza pengo hilo kwa memori, na tusiilaumu. Lakini linganisha na betri. Mnunuzi wa betri husema betri za tochi kubwa, au betri za rimoti, naye muuzaji hupata umbo mara moja kwa kukijua chombo. Laini za simu nazo, zilipogawanyika kuwa kubwa, ndogo na ndogo zaidi, watu walipata njia ya kuzitaja, hata wakafikia kuzikata kwa mkasi ili zienee. Kwa kadi za kamera njia hiyo haikupatikana, kwa sababu wenye kamera walikuwa wachache na kila mmoja alikuwa na ukoo wake. Tunaona kwamba suluhisho si kuzitafsiri herufi zilizochapwa juu ya kadi. Herufi hizo ndizo kitu pekee ambacho mnunuzi anaweza kukilinganisha kwa macho yake mwenyewe na alama iliyoandikwa karibu na mlango wa kadi wa kamera. Tukiiita SDHC kwa maneno matatu mazuri ya Kiswahili, tutakuwa tumemnyang'anya mnunuzi ufunguo. Kazi ya Kiswahili ni kutaja jamii, sehemu, sifa na matendo. Alama ibaki ni alama.

Kadi Zenye Sura Moja

Ugumu mkubwa haumo katika kadi zisizofanana, kwa sababu isiyofanana haiingii. Ugumu umo katika zinazofanana.

Mwaka 1999 SanDisk, Toshiba na Matsushita, wenye jina la Panasonic, walitangaza kadi ya SD. Upana wake ni milimita 24, urefu 32 na unene 2.1. Ilitokana na kadi nyembamba zaidi ya mwaka 1997, MMC, ambayo mara nyingi huweza kuingia katika tundu la SD, lakini SD haiingii katika tundu la MMC. Katika miaka michache SD iliwashinda wenzake wote katika kamera ndogo. Kisha mwaka 2006 ikaja SDHC, na mwaka 2009 SDXC. Zote tatu zina sura moja, na hutofautishwa kwa herufi chache tu zilizochapwa usoni.

SD ya kwanza hukomea gigabaiti 2. SDHC huanzia hapo hadi gigabaiti 32. SDXC hupita 32 na kanuni zake huiruhusu kufikia terabaiti 2. Kamera mpya husoma kadi za nyuma yake, lakini kamera ya zamani haisomi za mbele yake. Chukua Nikon D50 ya mwaka 2005 na Nikon D40 ya mwaka 2006. Zote mbili zina pikseli milioni 6 na zote hutumia kadi yenye umbo la SD. Lakini D40 huikubali SDHC na D50 huikataa. Mwaka mmoja tu umezitenga.

Msomaji atauliza sababu, nayo inafahamika tukikumbuka vipimo vya nafaka. Katika SD ya kwanza kamera hutaja mahali pa kuandika kwa kuhesabu baiti moja moja, kama mtu anayehesabu mtama kokwa kwa kokwa, naye ana nambari zinazokoma katika 4,294,967,296. Zaidi ya hapo hana nambari ya kutaja, hata ghala likiwa tupu. SDHC iliiacha hesabu ya kokwa ikaanza kuhesabu kwa vibaba, kila kibaba baiti 512. Nambari ni zilezile, lakini sasa kila moja inabeba kibaba badala ya kokwa. Kamera inayojua kokwa tu ikiambiwa habari za vibaba haielewi kinachosemwa. Kuipangusa kadi kwa kitambaa, kuitoa na kuirudisha, au kubadili betri, hakuisaidii. Zilipata kuwapo pia kadi za SD za gigabaiti 4 zisizokuwa SDHC, zilizotengenezwa nje ya kanuni. Baadhi ya kamera zilizikubali na nyingine zikazikataa, na hatumshauri mtu kuzitafuta.

Hapo ndipo neno "kubwa" linapoleta madhara. Mnunuzi husema anataka memori kubwa. Kwa umbo? Kwa ujazo? Muuzaji huelewa ujazo, kwa kuwa ndio unaopandisha bei, akatoa gigabaiti 64, ambayo kwa lazima ni SDXC. Neno "ujazo" tunalo, limo katika vitabu vya hesabu vya shule, na lingetosha kabisa: "Nataka kadi yenye umbo la SD, ujazo usiozidi gigabaiti 2." Sentensi hiyo haina neno geni hata moja kwa mtu aliyemaliza darasa la saba, isipokuwa gigabaiti, na hiyo nayo hutamkwa kila siku kwa "jibii" na wanunuzi wa vifurushi vya simu. Tunapendekeza "ukubwa" uachiwe umbo, na "ujazo" ushike uwezo wa kuchukua.

Isitoshe, kamera ya pikseli milioni 6 haina haja ya ujazo mkubwa. Picha moja iliyobanwa kwa ubora wa juu huchukua megabaiti 3 hivi. Gigabaiti 2 basi hupokea picha zaidi ya 600. Mpiga picha wa harusi mwenye kadi mbili za gigabaiti 2 yu katika usalama kuliko mwenye moja ya 4, kwani moja ikiharibika hapotezi sherehe yote.

Kuhusu kasi tutasema machache. Nambari iliyoandikwa ndani ya herufi C, iwe 2, 4, 6 au 10, huonyesha kiwango cha chini cha megabaiti zinazoweza kuandikwa kwa sekunde moja mfululizo. Kamera ya zamani ina mwendo wake ambao kadi ya kasi haiwezi kuuongeza. Hakuna ubaya kununua kadi ya 10 ikiwa bei ni moja. Kulipa zaidi kwa ajili yake ni kutia maji katika pakacha.

Kuumbiza, Kufuta na Kufunga

Kadi mpya ikiingia katika kamera yafaa ifanyiwe kazi ambayo mafundi huiita "kufomati". Programu kadhaa za kompyuta zilizotafsiriwa hutumia "kuumbiza", nasi tunaliunga mkono neno hilo kwa sababu linasema kweli: kadi hupewa umbo la ndani, yaani mpango wa mafaili ambao kamera itaufuata. SD ya kwanza huumbizwa kwa mpango mmoja, SDHC kwa mwingine, SDXC kwa wa tatu. Kutokana na hilo, kadi ya SDXC ikiumbizwa katika kompyuta kwa mpango wa SDHC huweza pengine kukubaliwa na kamera ya SDHC, maana zote mbili huhesabu kwa vibaba. Ujanja huo hauisaidii kamera ya kokwa. Na kwa kila hali ni bora uumbizaji wa mwisho ufanywe ndani ya kamera yenyewe, ambayo itajitengenezea folda na majina inavyoyapenda.

Lakini wengi huchukulia kuumbiza na kufuta kuwa ni kitu kimoja, wakabonyeza bila kufikiri. Kufuta huondoa picha uliyoitaja. Kuumbiza huondoa orodha yote. Na hata kufuta hakufuti kama neno linavyodai. Katika kamera hizi kinachoondolewa ni jina la picha katika orodha, na picha yenyewe hukaa mahali pake hadi nyingine iandikwe juu yake. Aliyefuta kwa bahati mbaya na aache kupiga picha papo hapo, aitoe kadi, ampelekee mwenye programu ya kurejesha. Neno "kufuta" tumelirithi kutoka kwenye ubao wa darasani, ambako chaki hupotea kweli. Humu chaki inabaki.

Ubavuni mwa kadi ya SD kuna kidude cha plastiki kinachosogezwa juu na chini. Wengine hukiita loki. Sisi tungekiita "kifungio cha kuandikia", kwa maana hakizuii kusoma. Ajabu yake ni kwamba kadi yenyewe haijui kama imefungwa. Kamera ndiyo inayopapasa ubavu wa kadi na kukisia. Kidude kikivunjika na kuanguka, kamera huona pengo na kusema kadi imefungwa daima. Wapiga picha hubandika kipande cha selotepu juu ya pengo, na dawa hiyo hufaa.

Ujazo wa Uongo

Hatuwezi kuacha kutaja kadi za ghushi. Kisimamizi tulichokitaja hapo juu ndicho kinachoitangazia kamera ujazo wa kadi, na kisimamizi huweza kufundishwa uongo. Kadi yenye chembe za gigabaiti 2 hutangaza 32. Kamera huamini. Picha za mwanzo hukaa salama. Ujazo wa kweli ukiisha, zinazofuata huandikwa juu ya zilizotangulia, au hazikai popote, ijapokuwa majina yao huonekana katika orodha. Huo ndio msiba wa harusi tuliougusia mwanzoni. Kuna njia moja ya kujihakikishia: kuijaza kadi mpya pomoni kwa mafaili katika kompyuta, kisha kuyasoma yote na kuyalinganisha na asili yake. Kuisoma nambari inayotangazwa hakutoshi, kwa kuwa msemaji wa nambari hiyo ndiye mshitakiwa.

Tusichanganye jambo hili na upungufu wa halali. Kadi ya gigabaiti 8 huonekana katika kompyuta nyingi kama 7.4 hivi. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti kuwa baiti 1,000,000,000, na kompyuta huhesabu kuwa 1,073,741,824, lakini zote mbili hutumia jina moja. Wanaistilahi wa kimataifa wametunga jina tofauti kwa ile kubwa. Maduka hayakulipokea, wala hatuyashangai. Neno "ghushi" basi litumike kwa kadi inayosema uongo juu ya ujazo wake. "Bandia" ibaki kwa ile iliyovishwa jina la kampuni isiyoitengeneza, ambayo yaweza kuwa na ujazo wake kamili. Mara nyingi kadi moja huwa na ila zote mbili, lakini katika malalamiko dukani ni vema mtu ajue analalamikia ipi, kwa sababu ya kwanza huweza kuithibitisha mezani palepale.

Limebaki suala la picha zilizomo tayari katika kadi za koo zilizokwisha. SmartMedia na xD hazitengenezwi tena, na visoma kadi vinavyozipokea hupungua. Picha za misiba, za wazazi waliofariki, za viwanja kabla havijajengwa, zimo humo. Hapa maneno mawili yatenganishwe kwa makini. "Kuhamisha" ni kuchukua na kuondoa kule zilikotoka. Waya ukichomoka katikati, au umeme ukikatika, nyingine hazitakuwa kule wala huku. "Kunakili" huacha asili mahali pake. Kadi ya zamani hunakiliwa, haihamishwi: kifungio kikiwapo kifungwe kwanza, nakala ifanywe mara mbili katika vyombo viwili, kila picha ifunguliwe na kutazamwa, na kadi yenyewe itiwe katika bahasha kavu yenye jina la kamera iliyoipiga na mwaka wake.